Mla-asali wa dhahabu: jina lake limetulia, wimbo wake unapotea

Huko Australia kuna ndege ambaye wataalamu walimuandika kwenye vitabu mwaka 1794. Tangu pale walimhamisha kutoka nyumba moja kwenda nyingine, mpaka ADN ikasema kwao ni wapi. Leo jina lake limetulia. Shida sasa iko kwa ndege mwenyewe.

Ku mine, jina si mchezo. Jiwe jeusi likifika dépôt, kila mtu analiita vile anavyotaka: creuseur anasema ni kobalti safi, négociant anasema ni udongo wenye rangi tu. Jiwe ni moja, lakini bei itafuata neno litakaloandikwa kwenye karatasi. Njo maana watu wanabishana pale saa nzima juu ya neno moja.

Kumbe wataalamu wa wanyama nao wanabishana vilevile. Wao hawapimi kilo, lakini jina likikaa vibaya, ndege mmoja anaweza kuhesabiwa sawa wanne, ao ndege wa aina mbili wakahesabiwa sawa wa aina moja, na ile aina inayokwisha ikaisha bila mtu kujua. Habari ya leo ni ya ndege mmoja aliyepita ile njia yote. Kwa Kifaransa anaitwa méliphage régent. Kwa Kiswahili hana jina la kuzaliwa nalo, kwa sababu haishi kwetu. Hapa tutamuita mla-asali wa dhahabu.

Ni ndege gani huyu?

Ni ndege wa Australia, upande wa mashariki na kusini-mashariki ya ile inchi. Si mkubwa: urefu wake ni kati ya sentimita 20 na 24, na hata aliyeshiba hapiti gramu 50. Kichwa na shingo ni nyeusi. Kifua kina madoa ya njano hafifu na nyeusi, yamepangwa sawa magamba ya samaki. Mabawa na mkia vina njano kali, njano ya dhahabu iliyosafishwa. Kuzunguka jicho hakuna manyoya, paka ngozi tupu yenye vipele-vipele.

Chakula chake kikubwa ni maji matamu ya maua ya miti ya eucalyptus. Sisi wa Katanga tunaujua huu mti: umepandwa kandokando ya miji yetu, tunachoma makala yake, na mama anachemsha majani yake mtoto akishikwa na mafua. Ulitoka kwao, Australia. Sisi tulipata mti. Ndege walibaki kule.

Msomaji asichanganye. Hapa kwetu kuna ndege mwingine wa asali, yule anayelia mbele ya mtu porini na kumpeleka mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Yule ni wa Afrika, na ndugu zake ni wale ndege wanaogonga-gonga miti kwa mdomo. Mla-asali wa Australia haonyeshi mtu mzinga. Yeye ana ulimi ambao ncha yake imechanika-chanika sawa burashi ya rangi. Anauingiza ndani ya ua na kupangusa utamu. Wako wa ile familia karibu aina 190, huko Australia, Guinea Mpya na visiwa vya Pasifiki. Familia yao wataalamu wanaiita Meliphagidae, maana yake kwa Kigiriki ni wale wanaokula asali.

Mwaka 1794: jina la kwanza

Waingereza waliweka kambi yao pale Sydney mwaka 1788. Mara moja meli zikaanza kurudi Bulaya na vitu vya ajabu: ngozi za wanyama, ndege waliokaushwa, michoro. Wataalamu wa London walifungua yale masanduku na kuanza kutoa majina.

Mmoja wao aliitwa George Shaw, mtu wa jumba la makumbusho la Uingereza, British Museum. Yeye hakukanyaga Australia hata siku moja. Alikuwa anasoma ile inchi yote kupitia masanduku. Ni yeye aliyeandika habari ya kwanza ya kitaalamu juu ya yule mnyama wa Australia mwenye mdomo wa bata na mwili wa manyoya, mwaka 1799, na alisema wazi kwamba alikuwa na mashaka kama si watu wamemdanganya kwa kuunganisha wanyama wawili.

Mla-asali wetu alimuandika mbele ya pale, mwaka 1794, katika kitabu juu ya wanyama wa ile inchi ambayo wakati ule waliita New Holland. Michoro ya kile kitabu ilifanywa na James Sowerby. Shaw akampa ndege jina hili: Merops phrygius.

Juu ya nini maneno mawili? Ni kanuni ya Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden. Kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho kinahesabiwa kuwa mwanzo wa majina yote ya wanyama. Neno la kwanza ni la jenasi, ile watoto wanaita « genre » kwenye masomo: ni sawa jina la nyumba. Neno la pili ni la aina yenyewe, « espèce »: ni sawa jina la mtoto ndani ya nyumba. Nyumba moja inaweza kuwa na watoto wengi, lakini hakuna watoto wawili wa nyumba moja wenye jina moja.

Jina la mtoto, phrygius, Shaw alilichagua vizuri. Phrygia ilikuwa inchi ya zamani, pale penye Uturuki ya leo. Ni inchi ya yule mfalme Midas ambaye hadithi inasema kila kitu alichogusa kiligeuka dhahabu. Watu wa Phrygia walijulikana pia kwa kushona nguo na nyuzi za dhahabu. Shaw alipoona yale manyoya meusi yenye pindo za njano, alifikiri ile nguo.

Jina la nyumba ndilo lilikuwa na shida. Merops ni nyumba ya ndege wanaokula nyuki, na hao tuko nao hapa kwetu Congo. Wana rangi nzuri, mdomo mrefu wenye kupinda kidogo, na wanakamata nyuki wakiwa hewani. Tena ni wachimbaji: wanatoboa ukuta wa udongo kandokando ya mto ao pembeni ya shimo, wanaingia ndani, na kutaga mayai mwisho wa njia. Njia ya namna ile inaweza kupita metre moja. Ni ba creuseur wa kweli.

Mla-asali wetu hachimbi hata kidogo. Anajenga kiota juu ya mti, sawa kikombe, kwa magamba ya mti na majani makavu. Mtu aliyeishi naye porini hawezi kumchanganya na mla-nyuki, na wenyeji wa Australia walikuwa wamekaa na ndege hao miaka elfu nyingi. Lakini ndani ya sanduku la London hakukuwa na kiota, hakukuwa na sauti, hakukuwa na ua. Kulikuwa paka ngozi, rangi na mdomo uliopinda. Kwa mdomo uliopinda, Shaw akamuweka kwa wala-nyuki.

Ndege mmoja, majina manne

Shaw hakuwa peke yake. Mwaka 1801 John Latham, mganga wa Uingereza aliyependa sana ndege, alitoa kitabu chenye ndege wengi wa Australia. Naye hakuenda kule. Alitegemea sana michoro iliyofanywa Sydney. Kama mchoro mmoja ulionyesha ndege wa pembeni na mwingine ulimuonyesha wa mbele, ao mchoraji mwingine alitia rangi nyingine, Latham aliweza kuamini kwamba ni ndege tofauti.

Ndivyo alivyofanya kwa ndege mmoja wa ile familia ya wala-asali, ndege wa rangi ya majivu, mwenye kichwa cheusi na makelele mengi. Latham alimuandika mara nne, kwa majina manne, sawa aina nne. Mara tatu alimuweka kwa wala-nyuki, mara moja kwenye nyumba nyingine kabisa. Alikuwa paka ndege mmoja.

Hapa kuna jambo litakalochekesha wasomaji wetu. Kwa Kiingereza huyu wa makelele anaitwa « miner », neno lile lile linalomaanisha mtu wa mine. Lakini hana habari na mine wala kuchimba. Jina lilitoka kwa ndege wa India anayeitwa maina; Waingereza waliona wanafanana, wakachukua jina, na wakaliandika vibaya. Kumbe na maina wa India si ndugu yake. Jina la barabarani linaweza kudanganya mara mbili kwa siku moja.

Sasa kukiwa na majina manne juu ya ndege mmoja, nani anashinda? Wataalamu wameweka sheria. Jina lililotoka kwanza kwenye kitabu ndilo linabaki. Yanayofuata yanawekwa kando hata kama ni mazuri kuliko lile. Na kama majina yalitoka siku moja, basi anafuatwa mtaalamu wa kwanza aliyeyaweka pamoja na kuchagua moja. Ni sawa daftari la mlango wa carrière: aliyeandikwa mbele ndiye wa mbele, na hakuna mambo ya « mimi nilikuwa hapa tangu jana ». Leo yule wa makelele ana jina moja tu la kitaalamu, Manorina melanocephala. Tutamkuta tena mbele, na si kwa wema.

Nyumba ya mtu mmoja

Turudi kwa mla-asali wa dhahabu. Wataalamu waliofuata waliona haraka kwamba yeye si wa wala-nyuki. Mwaka 1808 John Lewin, mchoraji aliyeishi Australia yenyewe na kuona ndege wakiwa hai, alimuonyesha kama mnyonya-asali, na jina la Kiingereza alilompa lilitaja ile ngozi ya vipele usoni. Jina baya, lakini mtu aliyelitoa alikuwa amemuangalia ndege machoni.

Mwaka 1837 Mwingereza mwingine, William Swainson, alimjengea nyumba yake mwenyewe. Ile nyumba ikaja kujulikana sana kwa jina la Xanthomyza, maana yake mnyonyaji wa njano. Ndani yake alikaa ndege mmoja tu: Xanthomyza phrygia. Kwa miaka mingi sana vitabu viliandika vile.

Msomaji mwenye macho makali ataona kitu: phrygius imegeuka phrygia. Si kosa la mashine. Kwa Kiswahili tunasema mtu mzuri, lakini kitu kizuri, nyumba nzuri: neno la nyuma linafuata la mbele. Tukiwa barabarani tunasema « kintu muzuri » na maisha yanaendelea, lakini mwalimu wa masomo atasahihisha. Kilatini ya wataalamu inafuata sheria ya mwalimu. Merops ni jina la kiume, basi phrygius. Xanthomyza ni la kike, basi phrygia. Mtoto amehama nyumba, amebadilisha mwisho wa jina, lakini jina ni lile lile alilopewa na Shaw.

Metorex ya ndege

Kila mtu aliyepita kwenye dépôt anajua habari ya metorex, ile mashine ndogo wanayoelekeza kwenye jiwe ili isome teneur. Mbele ya mashine, jicho na uzito wa mkono ndivyo vilihukumu. Jicho la mzee wa kazi ni jicho kweli, lakini kuna mawe mawili meusi yanayofanana sawa mapacha, moja lina kobalti, lingine halina kitu. Tofauti iko ndani.

Kwa wataalamu wa wanyama, mashine ya namna hiyo ni ADN. Kila kiumbe anabeba ndani ya mwili wake ile barua ndefu aliyopewa na wazazi, na wazazi walipewa na wazazi wao. Ukilinganisha barua za ndege wawili na kuhesabu mahali ambapo hazifanani, unaweza kujua nani ni ndugu wa karibu na nani ni wa mbali, hata kama rangi zao zinadanganya.

Mwaka 2004 Amy Driskell na Leslie Christidis walitoa uchunguzi wa ADN wa wala-asali wa Australia na Guinea Mpya. Ulionyesha kwamba mla-asali wa dhahabu si wa nyumba ya peke yake. Anakaa katikati ya familia ya ndege wengine ambao watu walikuwa wanawajua vizuri sana, wale wa jenasi Anthochaera. Hao ni wakubwa kuliko yeye, wana rangi ya udongo na mistari, na wengine wana vipande vya nyama vinavyoning'inia pembeni ya uso sawa vya jogoo. Kwa macho, hakuna mtu angewaita ndugu zake.

Tena hakuwa jirani aliyekaa pembeni ya nyumba. Alikuwa ndani kabisa: baadhi ya wale wa Anthochaera walikuwa karibu naye kuliko walivyo karibu na wenzao wa jina moja. Sasa ingefanywa nini? Njia zilikuwa mbili: kuvunja nyumba ya Anthochaera vipande-vipande, ao kumuingiza yeye ndani. Wataalamu waliona kumuingiza ndiyo afazali. Na jina la nyumba je? Anthochaera ilitolewa mwaka 1827, ya Swainson ilifuata mwaka 1837. Sheria ni ile ile: wa mbele anashinda. Mwaka 2008 Christidis na Walter Boles walimuandika vile katika kitabu chao kikubwa cha kupanga ndege wa Australia, na leo anaitwa Anthochaera phrygia. Anthochaera kwa Kigiriki ni yule anayefurahia maua. Baada ya miaka zaidi ya 200, nyumba na mwenye nyumba wamefanana.

ADN ilisahihisha na jambo kubwa zaidi. Hapa kwetu kuna kale kandege kadogo kenye mdomo mwembamba uliopinda, dume anang'aa sawa chuma kilichopakwa mafuta, kanahangaika mbele ya maua ya bustani. Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba kale kandege na wala-asali wa Australia ni ndugu, juu wote wawili wana mdomo ule na wote wanatafuta utamu wa maua. Hapana. Ni matawi mawili yaliyo mbali. Kazi moja imewapa chombo kimoja, sawa wachimbaji wawili wa inchi mbili ambao hawajawahi kuonana lakini wote wanashika burin na nyundo.

Mabano yana maana

Ukimkuta huyu ndege kwenye kitabu cha mtoto wa université, utaona imeandikwa hivi: Anthochaera phrygia (Shaw, 1794). Yale mabano si ya urembo. Jina la mtu na mwaka vinaonyesha nani alimpa mtoto jina na lini. Mabano yanaongeza habari moja: huyu mtoto hakai tena katika nyumba ambayo huyo mtu alimuweka. Kama angekuwa bado kwenye nyumba ile, jina la Shaw lingeandikwa bila mabano.

Kwa maneno machache mtu anasoma historia nzima: nani aliona kwanza, mwaka gani, na kwamba wengine walikuja nyuma wakasahihisha. Shaw hakufutwa. Kazi yake imebaki, kosa lake limesahihishwa, na vyote viwili vinaonekana.

Jina, kisha sheria

Mtu atauliza: haya yote yanatusaidia nini? Jibu liko kwenye miti.

Mla-asali wa dhahabu anapenda eucalyptus za aina ambazo zina magamba magumu na mbao nzito. Mwaka 1851 dhahabu ilionekana kwa wingi kusini-mashariki ya Australia, na watu wakamiminika kutoka dunia nzima. Ile misitu ilikuwa juu ya dhahabu kabisa, sehemu kama Bendigo na Chiltern. Miti ilikatwa kushikilia mashimo yasianguke, kuchemsha maji ya mashine za mvuke, kujenga nyumba za wachimbaji. Kisha ikakatwa kulaza njia ya reli. Nyuma ya wachimbaji walikuja wakulima, wakafyeka pale penye udongo mzuri, na huko ndiko miti ilikuwa na maua yenye utamu mwingi. Sisi tunaokaa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi hatuna haja ya kuelezwa zaidi: tunajua msitu unakuwa namna gani makala na mine vikipita.

Misitu ilipobaki vipande-vipande, yule wa makelele, Manorina, alipata nafasi yake. Anapenda miti michache yenye uwazi katikati. Anaishi kwa kundi, na kundi linafukuza kila ndege mwingine, mpaka mti wa maua unakuwa wake peke yake. Mwaka 2014 serikali ya Australia iliandika ile fujo yake kwenye orodha rasmi ya mambo yanayomaliza wanyama wengine. Mwaka 2015 iliandika mla-asali wa dhahabu kwenye daraja la mwisho la hatari, lile linalotangulia kwisha kabisa porini. Zamani watu walimuona kwa makundi makubwa, tangu upande wa Adelaide mpaka kaskazini kule Queensland. Sasa wataalamu wanakadiria kwamba wamebaki karibu 300.

Hapo ndipo jina linalipa. Sheria haiwezi kulinda kitu kisichokuwa na jina. Mtu hawezi kuhesabu ndege 300 kama hajui mwisho wa aina hii ni wapi na mwanzo wa nyingine ni wapi. Pesa za kupanda miti zinafuata orodha, orodha inafuata jina. Kama wangebaki na michoro ya Latham, wangekuwa wanahesabu ndege mmoja mara nne na kusema: wako wengi, tusihangaike.

Jina ambalo ndege anajiita

Lakini kuna jina lingine ambalo halimo kwenye kitabu. Dume wa mla-asali anaimba, na kwa wimbo ule jike anajua: huyu ni wa kwetu. Ule wimbo hazaliwi nao. Anaufunda, sawa mtoto anavyofunda kusema, kwa kusikiliza madume wakubwa.

Mwaka 2021 Ross Crates na wenzake wa université ya taifa ya Australia walitoa uchunguzi uliosikitisha watu wengi. Walirekodi nyimbo za madume porini na kuzilinganisha. Karibu 12 kwa mia hawakuimba tena wimbo wa aina yao hata kidogo. Walikuwa wanaiga paka ndege wengine. Si ujinga. Wamebaki wachache na wametawanyika, basi kijana anaweza kukua bila kusikia mzee hata mmoja wa kwao. Anasikia majirani, anafunda ya majirani. Akifika wakati wa kutafuta mke, anaimba lugha ambayo jike haielewi. Wale wenye wimbo wa kigeni walipata jike mara chache kuliko wenzao, na hivyo hata wale wachache hawazai vizuri.

Familia nyingi za kambi zetu zinaelewa. Babu alitoka Kasai ao Luapula kutafuta kazi ya shaba. Baba alisikia lugha ya babu lakini akajibu kwa Kiswahili. Mjukuu haisikii tena. Tofauti ni hii: mtoto wetu amepata lugha nyingine, ataoa, atazaa, ataendelea. Ndege akikosa wimbo wake, hana mwingine wa kuolea.

Kuna watu wanaojaribu. Bustani ya wanyama ya Taronga, Sydney, inazalisha hawa ndege tangu mwaka 1995, na wengi wamefunguliwa porini, pamoja na kule Chiltern penye mashimo ya dhahabu ya zamani. Lakini waliozaliwa ndani ya nyavu nao hawakuwa na mzee wa kuwafundisha. Basi sasa watoto wanawekewa sauti zilizorekodiwa porini, na wanawekwa karibu na madume wanaojua kuimba vizuri, sawa mwanafunzi anavyowekwa kwa fundi. Baadhi ya vijana wameanza kushika wimbo.

Kitabu kimemaliza kazi yake: tunajua ndege ni nani, ndugu zake ni nani, nani alimpa jina na mwaka gani. Kazi iliyobaki ni ya miti na ya sauti.

Na sisi hapa? Kale kandege kanakong'aa kwenye maua ya kwako, yule anayechimba ukuta wa mto, yule anayeonyesha watu asali, wote wana jina la Kilatini kwenye vitabu. Lakini wana na jina la Kisanga, la Kibemba, la Kiluba, la Kilunda, na yale majina mengi yako kwenye vichwa vya wazee tu. Siku ya dimanche, mtoto achukue daftari, amuulize bibi yake: huyu mnaitaje, na juu ya nini? Aandike jina, mahali na siku. Linnaeus, Shaw na Latham walianza paka hivyo, na wao hawakuwa na bibi wa kuwaeleza.